Piano Kubwa: Sauti Yake Hutoka Wapi?

Katika shule nyingi za nchi yetu kinanda kijulikanacho zaidi ni kile cha upepo, chenye mifuko ya kukanyagwa kwa miguu, na kwa kinanda hicho walimu tulio wengi tulijifunza kusoma noti na kuongoza nyimbo. Piano ni jamaa yake kwa sura tu. Mtu akiketi mbele yake huona vibonyezo vile vile, vyeupe na vyeusi, vimepangwa vile vile. Lakini ndani hamna upepo hata kidogo. Kinanda cha upepo ni ndugu wa zumari. Piano ni ndugu wa zeze, na tena ni ndugu wa ngoma, kwa kuwa nyuzi zake hupigwa. Na kwa kuwa aghalabu huwa imefungwa, watu huihukumu kwa yale yaonekanayo nje: weusi wa mbao ung'aao, na weupe wa vibonyezo. Tumewasikia watu wazima, tena wenye elimu, wakisema ya kuwa piano fulani ni njema mno maana vibonyezo vyake ni vya pembe za ndovu. Twataka kuwaonyesha wasomaji wetu ya kuwa sauti haikai hapo. Na kwa kuwa pembe hizo zilitoka kwetu, neno hili latuhusu kuliko liwahusuvyo wengi waipigao.

Twanena hapa habari za piano kubwa, ile ilalayo juu ya miguu mitatu, umbo lake mithili ya bawa la ndege, na kifuniko chake huinuliwa kwa kijiti mpigaji anapoanza. Ile isimamayo ukutani ina mambo yake mengine, nasi tutaiacha. Ili msomaji apate kipimo: piano ya ukumbini ya kampuni ya Steinway, ile iitwayo D, ina urefu wa sentimeta 274 na uzito upatao kilo 480. Vibonyezo ni 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Lakini nyuzi ni zaidi ya 200, kwa sababu sauti nene za chini kabisa hupewa uzi mmoja mmoja, zinazofuata nyuzi mbili mbili, na sauti za kati na za juu nyuzi tatu tatu, zote tatu zikivutwa hata ziwe sauti moja. Nyuzi hizo ni za chuma cha pua, na zile za chini zimezungushiwa waya wa shaba.

Basi, tuanze na jaribio dogo ambalo mwalimu yeyote aweza kulifanya, nasi huwa twalifanya kila mwaka tufikapo katika somo la sauti. Tunacho kile kichuma chenye matawi mawili ambacho kwacho waongoza nyimbo hupata sauti ya kuanzia. Tukikigonga gotini na kukishika hewani, watoto wa mbele husikia kidogo, na wa nyuma hawasikii kitu. Tukisimamisha shina lake juu ya meza, darasa zima husikia. Juu ya ukuta wa mawe sauti hufifia. Juu ya mto wa sufi haipo kabisa. Juu ya mlango wa kabati hutoka kubwa kuliko ya mezani. Mwaka mmoja mtoto akaomba tukiweke juu ya kichwa chake, na wenzake wote wakataka vivyo hivyo, hata saa ya somo ikaisha. Kichuma ni kile kile, na pigo ni lile lile. Kilichobadilika ni kile kinachopokea mtetemo.

Uzi wa piano una hali moja na kichuma hicho. Ni mwembamba, ukitetemeka huikata hewa kama kisu, wala hauisukumi. Peke yake ni karibu na bubu. Mafundi wa ilimba katika Ugogo wanalijua jambo hili tangu zamani, ndiyo maana vijiti vyao vya chuma hawavifungi juu ya gogo gumu bali juu ya sanduku la mti lililochongwa uwazi ndani. Katika piano kazi ya sanduku hilo hufanywa na ubao mmoja mpana ulalao chini ya nyuzi zote, nao huitwa ubao wa sauti. Nyuzi hupita juu ya kipande kirefu cha mti mgumu kilichogandamana na ubao huo, ambacho mafundi hukiita daraja. Na kweli ni daraja, maana mtetemo wa uzi huvuka hapo kuingia katika ubao, na ubao ndio uisukumao hewa mpaka masikioni mwetu. Kwa hiyo anayeuliza sauti ya piano hutoka wapi, jibu lake la kwanza ni hili: hutoka katika mti.

Si mti wowote. Watengenezaji karibu wote wamekubaliana juu ya sprusi, mti wa jamaa ya misonobari, uotao katika nchi za baridi. Sifa yake ni kuwa mwepesi na mkakamavu kwa pamoja, sifa mbili ambazo hazikai pamoja kwa urahisi, kama mwenye kuchonga kasia ajuavyo. Mti uliokua polepole mlimani, penye majira mafupi ya joto, huwa na miviringo ya miaka iliyosongamana na kulingana, na huo ndio utafutwao. Wamarekani hupata sprusi yao katika misitu ya pwani ya kaskazini-magharibi, hata Alaska. Paolo Fazioli, Mwitalia aliyeanzisha kiwanda chake mjini Sacile mwaka 1981, hutumia miti ya bonde la Val di Fiemme, bonde ambalo kwa masimulizi ya mafundi ndilo alikopata Stradivari mbao za fidla zake. Mti hupasuliwa kwa namna ambayo miviringo yake husimama wima katika unene wa ubao, kisha mbao huachwa zikauke muda mrefu kabla ya kuunganishwa kwa gundi.

Sasa sauti hukimbia upesi katika mti kwa kufuata nyuzinyuzi zake, na kwa kuzikata hukimbia polepole zaidi. Ubao ukiachwa hivyo, upande mmoja ungelisema na upande mwingine ungelinyamaza. Kwa hiyo chini yake hugandishwa mbavu za mti, zikipita kwa kukata nyuzinyuzi, ili mtetemo upate njia ya upande huo nao. Mbavu hizo zina mpindo kidogo, na ubao ukigandishwa juu yake huinuka katikati, kama mgongo wa mtumbwi uliofudikizwa, ila kwa kiasi kidogo mno ambacho jicho halikitambui bila rula. Nyuzi huukandamiza mwinuko huo kutoka juu, na ubao huzijibu kutoka chini. Tena unene wake haulingani kila mahali: katikati huwa yapata milimita 9, na ukielekea kingoni hupunguzwa, ili ukingo upate kunyumbuka. Steinway walipata hati ya uvumbuzi juu ya namna yao ya kuupunguza katika mwaka 1936.

Hapa ndipo penye shaka kubwa ya mtengenezaji, na twaomba msomaji asimame nasi kidogo. Uzi ukishapigwa hauongezewi nguvu tena. Una akiba moja tu, kama mtungi uliojazwa mara moja asubuhi. Ubao ukiwa mwembamba na mwepesi mno, huinywa akiba yote kwa mara moja: sauti yatoka kubwa, nayo yafa upesi. Ukiwa mnene na mgumu mno, huinywa kwa matone: sauti yadumu, lakini ni hafifu, haifiki viti vya nyuma. Hapana ubao uwezao kutoa yote mawili kwa ukamilifu. Kila piano iliyopata kutengenezwa ni mapatano kati ya ukubwa wa sauti na maisha yake, na kila nyumba ya mafundi imesimama mahali pake katika mapatano hayo. Ndiyo sababu piano mbili za urefu mmoja na bei moja hazisemi kwa sauti moja, wala hakuna kati yazo iliyokosea.

Tumesema nyuzi huukandamiza ubao; tuseme pia kwamba huvuta. Kila uzi umevutwa kwa nguvu nyingi, na nyuzi zote za piano kubwa kwa jumla huvuta kwa nguvu ya tani 20 hivi. Msomaji afikiri magunia 200 ya mahindi, ya kilo mia mia, yakining'inia usiku na mchana, miaka 50 au 100. Piano za kwanza zilikuwa na viunzi vya mti mtupu, na nyuzi zake zilikuwa nyembamba na kuvutwa kwa upole. Lakini kumbi zilikua, wapigaji wakapiga kwa nguvu zaidi, nao waliotaka sauti kubwa walitaka nyuzi nene zilizokazwa zaidi. Na kiunzi cha mti hujikunja chini ya mzigo huo, sauti zikapotea kabla ya jioni kwisha. Alpheus Babcock wa Boston alipata hati mwaka 1825 ya kiunzi cha chuma cha kusubu, kilichomiminwa katika kalibu kikawa kipande kimoja, kwa piano za mraba. Na mwaka 1843 Jonas Chickering, wa mji uo huo, alipata hati ya kiunzi cha namna hiyo kwa piano kubwa. Mafundi wengi wa Ulaya walilichukia jambo hilo. Walidhani chuma kitaitia sauti ukali wa kengele. Walikuwa na haki ya kuogopa, maana chuma kikigongwa hulia kweli. Lakini chuma cha kusubu kikiwa kinene, tena kimefungwa vema, hukaa kimya na kubeba mzigo, na ubao wa sauti ukaachiwa uhuru wake. Mtu atazamapo piano iliyo wazi, kile kiunzi kilichopakwa rangi ya dhahabu ndicho humvuta macho kwanza. Ni mpagazi tu.

Baada ya chuma kuja, mambo mengine yaliwezekana. Mwaka 1859 Steinway wa New York walipata hati ya kupitisha nyuzi za chini juu ya nyingine kwa mshazari, katika piano kubwa. Faida yake ni mbili. Daraja la sauti za chini husogea kutoka ukingoni, ambako ubao ni mkaidi, likaja karibu na katikati ambako ubao hucheza. Na nyuzi hupata urefu zaidi ndani ya sanduku lile lile. Urefu huo si wa fahari. Uzi mfupi na mnene huanza kutenda kama fimbo: vile visauti vidogo vya juu vinavyozaliwa pamoja na sauti kuu hupanda kuliko ipasavyo, na sikio husikia ukungu. Uzi mrefu hunyumbuka, na visauti vyake hukaa karibu na mahali pake. Kwa sababu hiyo hiyo nyuzi za chini huzungushiwa shaba, zipate uzito bila kupata ukaidi. Mtu akiuliza kwa nini piano ya mita 2.74 ina sauti za chini zilizo wazi kuliko ile ya mita 1.5, na hapo ndipo jibu lilipo kwa sehemu kubwa.

Hata hivyo tusidhani kwamba kila kilichokuja baadaye kimemshinda kilichotangulia. Mwaka 2015 mpigaji Daniel Barenboim alionyesha mjini London piano mpya aliyoundiwa na Chris Maene, fundi wa Ubelgiji, ambayo nyuzi zake zimenyoka zote sambamba kama zamani. Fikira hiyo ilimjia baada ya kuipiga piano ya kale iliyokuwa ya Liszt. Katika nyuzi zilizovukana, sauti za chini na za kati huchanganyika katika mahali pamoja pa ubao, zikawa kama kwaya iliyokaa kitako bega kwa bega. Zilizonyoka hukaa mbalimbali, kila moja yasikika kwa tabia yake. Sisi tulio walimu wa kwaya twaweza kufahamu kwa nini mtu apende hili au lile, maana tunabishana juu ya jambo hilo hilo kila tupangapo waimbaji.

Ubavu wa piano nao una neno lake. Steinway huchukua tabaka nyembamba za mti mgumu sana wa misitu ya kaskazini ya Amerika, hata 18 kwa piano ya ukumbini, wakazipaka gundi na kuzipinda zote pamoja kuzunguka kalibu, zikawa ubavu mmoja usio na kiungo. Hati yao ya namna hiyo ni ya mwaka 1880. Nia ni kwamba ubavu usitetemeke, bali umrudishie ubao kila mtetemo ufikao ukingoni. Bösendorfer wa Vienna, walioanza mwaka 1828, wana mawazo mengine kabisa: wao hutumia sprusi hata katika ubavu, ili mwili mzima wa piano uimbe pamoja na ubao. Tumezisikia zote mbili, kwa rekodi zaidi kuliko kwa macho, na kwa masikio yetu ile ya Vienna ina joto, na ile ya New York ina mbio na mng'ao. Julius Blüthner wa Leipzig alifanya tena tofauti: mwaka 1873 aliongeza uzi wa nne katika sauti za juu, uzi usiopigwa na nyundo yoyote, ambao hutetemeka kwa kuwasikia jirani zake tu. Tulipowaeleza wanafunzi hayo walicheka sana, kisha wakanyamaza kufikiri.

Sasa tuje kwenye nyundo. Aliyeivumbua piano ni Bartolomeo Cristofori, mzaliwa wa Padova, aliyekuwa mtunza vinanda wa mwana wa mfalme Ferdinando de' Medici mjini Florence. Orodha ya vinanda vya nyumba hiyo ya mwaka 1700 yakitaja tayari kinanda chake kiwezacho kupiga sauti ndogo na kubwa. Ndipo lilipotoka jina, maana kwa Kiitalia piano ni kwa upole na forte ni kwa nguvu. Vitatu vya kazi ya mikono yake vipo hata leo, cha 1720 mjini New York, cha 1722 Roma, na cha 1726 Leipzig. Kabla yake vinanda vya nyuzi vya namna hiyo vilidonoa uzi kwa ncha, na hata mtu apige kwa kidole cha mtoto au kwa ngumi, ukubwa wa sauti haukubadilika sana. Cristofori alitaka kupiga. Lakini kila apigaye ngoma ajua ya kuwa mkono ukikawia juu ya ngozi sauti hufa chini yake. Basi yeye alitengeneza kidude kinachoirusha nyundo kisha kuiachilia, hata inapofika kwenye uzi haishikwi na kitu; hupiga na kuanguka nyuma yenyewe. Mnamo mwaka 1821 Sébastien Érard wa Paris aliongeza ufundi uwezeshao kupiga tena kabla kibonyezo hakijarudi juu kabisa, na piano kubwa zote za leo hufuata njia yake.

Msomaji apime maana ya jambo hili. Katika nukta ile nyundo inapogusa uzi, kidole cha mpigaji hakina mamlaka tena juu yake. Mpigaji amempa nyundo mwendo tu, wa kasi au wa polepole. Kibonyezo ni wenzo, kama ule wa kuteka maji kisimani. Hakigusi uzi, wala hakiugusi ubao wa sauti.

Nyundo zenyewe hapo kwanza zilivikwa ngozi. Henri Pape, fundi wa Paris, alileta nyundo za sufu iliyoshindiliwa mwaka 1826, na sufu imebaki. Si kwa sababu ni laini tu. Sufu ina tabia ya ajabu: ikipigwa polepole huwa laini, na ikipigwa kwa nguvu huwa ngumu. Kwa hiyo sauti kubwa ya piano si sauti ndogo iliyoongezwa. Rangi yake nayo hubadilika, yawa kali na ing'aayo, kama mtu asemapo kwa upole na apazapo sauti.

Tulipata kuyaona hayo kwa macho katika mji mmoja wa pwani, katika ukumbi wenye piano kubwa, siku fundi alipokuja kuitengeneza. Tuliingia tukamwamkia, "Shikamoo, Mzee," naye akatujibu bila kuinua kichwa, "Marahaba, Mwalimu, sogea uone." Alikuwa amefungua parafujo chache na kuzivuta nyundo zote 88 pamoja na vibonyezo vyake nje ya piano, kama mtu avutavyo mtoto wa meza, akaziweka mbele yake. Mkononi alikuwa na kijiti chenye sindano tatu. Alichoma sufu ya nyundo moja, si kwenye kilele kinachogusa uzi bali mabegani mwake, mara mbili au tatu. Akairudisha seti nzima ndani. Akapiga sauti ile, na jirani zake wa kulia na kushoto. Akasikiliza hata sauti ikaisha. Akaivuta tena nje. Nyundo moja hiyo tuliihesabia mara tisa. Tulimwuliza kwa nini asichome sana mara moja akamaliza. Akasema, "Sufu iliyochomwa kupita kiasi hairudi, Mwalimu. Ngumu naweza kuilainisha; iliyokufa nitaifanyaje?" Kabla ya kazi yake sauti hiyo ilitoka kati ya wenzake kama mtu abishaye katika mazishi. Baada yake hatukuweza kuitambua ni ipi.

Alilalamika, si kwa sindano, bali kwa ukumbi. Bahari ilikuwa karibu, na nyuzi zilianza kutu. Wakati wa masika ubao wa sauti hunywa unyevu wa hewa, mwinuko wake huongezeka, nyuzi hukazwa na sauti hupanda, hasa zile za kati. Kiangazi kikija zote hushuka. Piano huweza kuzoea hewa mbichi ikiwa ni mbichi siku zote. Pale mashine ya hewa baridi iliwashwa usiku wa sherehe na kuzimwa juma zima, na kwa maoni ya mzee huyo mti haujui ujibu nini mtu akiutendea hivyo. Juu ya kifuniko palikuwa na alama tatu za bilauri. Hakusema kitu juu ya hizo, alizipangusa.

Piano hiyo ilikuwa ya kale, na vibonyezo vyake vyeupe vilivikwa pembe. Kibao kimoja cha pembe kilikuwa kimebanduka. Tukamwuliza lile swali ambalo watu hutuuliza. Hakujibu kwa maneno. Alitia kisu chembamba, akakiinua kibao kile kikatoka, akapiga sauti juu ya mti mtupu, kisha juu ya jirani mwenye pembe, kisha juu ya mti mtupu tena. Sauti haikupungukiwa na kitu. Akatutilia kibao kile kiganjani. Unene wake ulipita milimita moja kidogo tu, na uzito wake ni kama wa ukucha.

Haifai kusema kwamba pembe haikuwa na kazi. Ni nyororo bila kuteleza, na hunywa jasho kidogo, na wapigaji wengi wa zamani waliipenda chini ya vidole. Lakini kazi yake huishia kidoleni. Katika piano nzima, yenye maelfu ya vipande, hiki kilichotoka kwetu ndicho kisichokuwa na neno katika sauti. Nacho ndicho kilichogharimu kuliko vyote.

Habari zake zajulikana. Wafanyabiashara wa Salem, katika Massachusetts, walikuja Unguja mapema katika karne ya 19. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba na Marekani, na mwaka 1837 balozi wao mdogo akakaa Unguja. Walileta nguo ya pamba, nayo ikaitwa merikani mpaka leo, walichukua pembe. Pembe za upande wetu wa Afrika zilipendwa kwa kuwa laini kwa msumeno. Zilitoka Tabora na Ujiji, na ndovu wa karibu walipokwisha zilitoka ng'ambo ya ziwa, Manyema, katika nchi iitwayo sasa Kongo, alikofanya biashara Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip. Zilifika Bagamoyo mabegani mwa watu. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliokwenda kwa ujira na kwa sifa. Wengine walikuwa watumwa, na vijiji vilichomwa ili pembe na watu vipatikane pamoja. Ndui, njaa na vita vilifuata njia zile zile.

Mwisho wa safari ulikuwa vijiji viwili katika Connecticut, Deep River na Ivoryton. Jina la hicho cha pili limetokana na pembe zenyewe. Huko kampuni za Pratt, Read na Comstock, Cheney zilizipasua pembe kuwa vibao vyembamba, vikapangwa katika nyumba ndefu za vioo na kuanikwa juani kwa majuma mengi hata vikawa vyeupe sawasawa. Pembe moja kubwa ilitosha piano nyingi. Lakini Marekani peke yake ilitengeneza piano zaidi ya 300,000 katika mwaka 1909. Tumetafakari mara nyingi juu ya familia zile zilizokuwa zikinunua piano kwa binti zao, watu wema bila shaka, wakitazama weupe ule na kuuona kuwa alama ya usafi wa nyumba.

Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1936, na katika miaka ya 1950 watengenezaji wa Marekani waliacha pembe wakatia plastiki. Mwaka 1989 mataifa yalipatana kupiga marufuku biashara ya pembe kati ya nchi na nchi. Mbao za sauti hazikubadilishwa kwa ajili hiyo, wala nyundo, wala chuma, kwa sababu hapakuwa na haja.

Piano za kale zingali zipo, hata katika nchi yetu, katika kumbi na nyumba za watu. Msomaji akikutana na moja, ainame atazame kibonyezo cheupe kwa kando ya mwanga. Plastiki huwa kipande kimoja. Katika pembe huonekana kistari chembamba kama unywele kikikata weupe pale kibonyezo kinapokuwa chembamba ili kupisha cheusi, maana hapo ndipo vipande viwili vilipounganishwa. Na ndani ya weupe huonekana michirizi hafifu, isiyolingana, kama ya mti.